Seti ya .22 kwenye bunduki ya .223: ununue au uache?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Malindi. Nina cheti cha bunduki ya .223 ya boliti, na hupiga shabaha Mombasa kila baada ya miezi miwili. Risasi zimekuwa ghali mno. Nikipiga hamsini narudi nyumbani nikihesabu karo ya mtoto. Nimeona video za Marekani, mtu anatoa kipande kimoja cha bunduki, anatia kingine, bunduki ile ile inapiga .22 za bei ndogo. Je, nitafute seti hiyo? Itanifaa kweli kwa mazoezi? Na kwa kuwa .22 ni risasi ndogo, siwezi kufanyia mazoezi shambani kwangu ng'ambo ya mto Sabaki badala ya kwenda Mombasa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate, kwa sababu najua hamu ya kununua ikishaingia haisubiri maelezo. Seti uliyoiona haiingii kwenye bunduki yako. Zipo zinazoingia, lakini kwa bunduki kama yako ni za kubahatisha na singekushauri uzifuate. Fedha hizo ziweke uombe bunduki nzima ya .22, ya boliti kama hiyo uliyo nayo. Na kabla hujatoa hata shilingi, kuna zoezi la bure ambalo nina hakika hulifanyi, maana karibu kila anayeniuliza swali hili halifanyi. Shambani, hapana.

Sasa tuanze na hiyo .22. Namba hizi ni upana wa risasi kwa sehemu za inchi. Chukua risasi ya .223, igeuze, itazame kitakoni. Utaona kijiduara katikati. Hiyo ndiyo fataki. Pini iliyomo ndani ya boliti, kile chuma unachokivuta na kukisukuma kufunga nyuma ya mtutu, huigonga pale pale katikati, moto ukaingia kwenye baruti. Igeuze ya .22 utafute kijiduara hicho, huna utakachokiona. Dawa ya fataki imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako, mzunguko mzima, na pini huuponda ukingo huo mahali popote palipo pembeni. Ili ukingo upondeke sharti ganda liwe jembamba, na ganda jembamba haliwezi kubeba nguvu nyingi. Basi .22 imebaki dhaifu tangu ilipozaliwa. Flobert wa Ufaransa alianza mambo haya mwaka 1845 kwa kijirisasi cha kuchezea ukumbini, na hii tunayoitumia leo, .22 Long Rifle, ilitoka Marekani mwaka 1887. Bei yake ndogo inatokana na udhaifu huo huo: shaba kidogo, baruti chembe, na kichwa cha risasi tupu. (Wazee wetu wa pwani waliita madini yenyewe risasi, kisha jina likahamia kwenye kinachotoka mtutuni. Kwa .22 majina hayo mawili bado ni kitu kimoja.)

Kichwa cha kawaida cha .22 kina uzito wa gramu 2.6 na hutoka kwa mwendo wa kama mita 325 kwa sekunde. Ya .223 ya kawaida ina gramu 3.6 hivi na hutoka karibu mita 980 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya nguvu, ile kubwa inaishinda ndogo zaidi ya mara kumi na mbili. Bei nayo inatofautiana sana: fedha za risasi moja ya .223 kwa kawaida zitakupa nne, tano, hata zaidi za .22. Hapo ndipo tamaa inapoingia, na siilaumu.

Kuhusu video. Bunduki zile ni za kujipakia zenyewe, za ukoo wa M16, bunduki ya jeshi la Marekani. Mwenye nazo huchomoa mkusanyiko mzima wa boliti, akatia mwingine ambao mbele yake una chemba (nafasi ambamo risasi huketi) ya bandia iliyochongwa kwa umbo la ganda la .223. Chemba hiyo huketi ndani ya chemba ya asili, risasi ndogo huingia humo, na ikipigwa hupita kwenye mtutu ule ule. Inawezekana kwa sababu vipenyo vinakaribiana sana: kichwa cha .22 ni milimita 5.66 na cha .223 ni 5.69. Gesi haitumiki, ganda lenyewe huisukuma boliti nyuma kwa nguvu zake. Boliti hiyo imetengenezwa na pini inayogonga pembeni. Ni kazi ya akili, na jeshi la Marekani lilikuwa na yake kwa ajili ya M16, iliyoitwa M261. Bunduki za sura hiyo kwa raia wa Kenya ni habari nyingine kabisa, sheria yake ni kali na mimi siigusi hapa.

Yako wewe ni ya boliti, na pini yake inagonga katikati. Kwa hiyo wanaouza vifaa vya bunduki kama yako wamebuni ganda la chuma lenye umbo la .223, limetobolewa tundu la .22, lakini tundu halikai katikati. Limesogezwa upande kidogo ili ukingo wa risasi ndogo uangukie mbele ya pini. Unaona matatizo yenyewe. Kichwa cha risasi kinaanza safari kikiwa kimekaa upande, kinaingia kwenye mifuo ya mtutu, ile mikondo ya ndani inayokizungusha, kikijikwaruza. Unapiga moja, unafungua boliti, unatoa ganda la chuma, unachokoa ganda la .22 kwa kijiti, unatia jingine. Nimewahi kupiga na kifaa cha namna hiyo asubuhi moja nzima. Kwa mita 50 risasi zangu zilitawanyika upana wa sahani ya wali. Mazoezi ya kulenga yanahitaji bunduki inayosema kweli. Ukikosa ujue umekosa wewe. Ikiwa bunduki yenyewe inatawanya kwa upana wa sahani, utajifunza nini?

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji huwa hawalitaji, nalo ni msokoto wa mtutu. Mifuo ya bunduki ya .22 huzunguka mara moja katika inchi 16, kama sentimita 41. Ya .223 huzunguka upesi zaidi: mara moja katika inchi 12, au 9, nyingine 7. Kichwa laini cha risasi tupu kikilazimishwa kuzunguka upesi hivyo huenda kisiwe na usahihi ule uliouzoea. Angalia namba iliyochorwa kwenye mtutu wako. Kama ni 12, hali si mbaya sana. Kama ni 7, sahau.

Na la tatu, ambalo ningelitia wino mwekundu kama ningeweza. Risasi ndogo ikidhoofika, baruti ikiwa imeshika unyevu kwa mfano, kichwa kinaweza kukwama katikati ya mtutu. Utasikia mlio wa ajabu, mdogo, kama mtu amepiga kofi ndani ya mto. Kwenye bunduki ya .22 tupu hiyo ni hasara na aibu. Kwenye bunduki ya .223 iliyotiwa seti, mtu akatoa seti kwa haraka na kutia risasi kubwa bila kuchungulia mtutu, mtutu utapasuka mbele ya uso wake. Kila mlio usioeleweka: mdomo wa bunduki ubaki umeelekea shabaha, subiri nusu dakika, toa kila kitu, kisha tazama mtutu uone mwanga upande wa pili. Bila mwanga hakuna risasi nyingine.

Usidhani mimi ni mzee anayedharau mambo mapya, kwa sababu haya hata si mapya. Waingereza katika miaka ya 1880 walikuwa wakichomeka mtutu mwembamba, uliojulikana kwa jina la Morris, ndani ya Martini-Henry, bunduki ya jeshi lao, ili askari apige risasi ndogo ndani ya banda badala ya kutafuta uwanja wa mamia ya mita. Baada ya kufedheheshwa na walenga shabaha wa Makaburu kule Afrika Kusini, jemadari wao Lord Roberts alihimiza vilabu vya risasi ndogo kwa watu wa kawaida, na bunduki nyingi za jeshi za Lee-Enfield zikatengenezwa au kubadilishwa zipige .22. Hata G3, ambayo askari wetu wengi wameibeba mabegani, watengenezaji wake Wajerumani, Heckler & Koch, waliitengenezea seti yake ya .22: mtutu mwembamba wa kuchomeka ndani, boliti yake, na magazini yake. Iangalie hiyo ya G3 kwa makini. Walitia mtutu mzima, wenye mifuo inayofaa risasi ndogo, hawakutegemea mtutu wa bunduki kubwa. Waliotaka usahihi walijua.

Basi je, .22 inafundisha kitu? Inafundisha sana, ila haifundishi vyote, na hapa ndipo watu wanapobishana bure barazani. Inafundisha kushika pumzi, kuweka shavu pahali pamoja kila mara, kuikamua triga bila kuivuta, na kutulia baada ya mlio. Hilo la mwisho ndilo watu wasilolijua. Kichwa cha .22 ni kizito wa mwendo. Kinakaa ndani ya mtutu zaidi ya mara mbili ya muda wa .223. Ukiinua kichwa kuchungulia umepiga wapi, risasi bado iko njiani ndani ya chuma, na chuma umekwisha kukisogeza. Bunduki kubwa inakusamehe kosa hili kwa sababu ya kasi yake. Ndogo haisamehi. Nimeona watu waliojiita mafundi wa .223 wakirudi na karatasi ya .22 inayofanana na upele wa tetekuwanga.

Haifundishi teke. Bunduki yako hupiga teke, si kubwa, lakini mwili unalikumbuka, na sikio linakumbuka mlio. Mwenye kuogopa teke hupepesa jicho na kusukuma bega kabla ya risasi kutoka. Akipiga .22 miezi sita bila kugusa kubwa, siku akirudi ugonjwa utakuwa pale pale ukimngoja. Dawa yake ni hii: ukienda Mombasa, mpe mwenzako magazini akupakilie kwa siri, risasi hai tatu na mbili za plastiki, zisizo na baruti, zimechanganywa. Ukifika kwenye ya plastiki na mdomo wa bunduki ukaanguka, nyote wawili mtauona ugonjwa ulivyo. Hakuna ubishi tena. Risasi tano zilizopigwa hivyo zina faida kuliko ishirini za kumwaga.

Upepo nao ni mwalimu, na hapa watu wa pwani tuna bahati kuliko wa bara. Kusi ikivuma au kaskazi ikishika, huna haja ya kwenda mbali kuutafuta. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa utaisogeza .223 yako sentimita 3 hivi kwa mita 100. Upepo huo huo utaisogeza .22 ya mwendo wa kawaida sentimita kama 3 kwa mita 50 tu, na kwa mita 100 itazidi sentimita 10. Maana yake, ukiwa na .22 kwenye uwanja wa mita 50, unasoma somo la upepo la mita 100 la bunduki kubwa, kwa bei ya karanga. Nenda siku ya upepo. Wengi huahirisha wakangoja shwari, wakakosa darasa.

Na unaponunua risasi usivutiwe na maandishi ya mwendo kasi kwenye boksi. Risasi za .22 zenye kasi zaidi hutoka zikiwa zimeupita mwendo wa sauti, kisha njiani hupungua na kurudi chini yake, na pale zinapovuka hutikiswa. Za kawaida hubaki chini ya mwendo wa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na upepo huzisogeza kidogo zaidi kuliko hizo za kasi. Wageni wa mchezo hawaamini hadi waone kwenye karatasi. Anguko lake pia lijue: ukiirekebisha darubini ilenge sawa kwa mita 50, kwa mita 100 itakuwa imeshuka kama shubiri moja. Sikuambii ununue aina gani, kwa sababu kila mtutu una chaguo lake. Nunua boksi moja moja la aina tatu au nne, piga vikundi vya risasi tano kwa kila moja ukiwa umelala na bunduki imeegemezwa, kisha kaa na ile iliyokusanya matundu karibu karibu. Nilipata siku moja boksi la bei ya chini kabisa. Katika hamsini, saba ziligoma. Fedha niliyookoa niliilipa kwa muda wa kungoja nusu dakika mara saba, jua la saa saba mchana likiwa utosini.

Tuje kwenye sheria, maana humo ndimo vijana wanamopotelea. Watu wa video husema seti ni kipande tu, si bunduki, inakuja kwa posta kama kiatu. Huko kwao labda. Kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haihesabu bunduki kamili peke yake. Mtutu, boliti, chemba na vipande vingine muhimu navyo vimo. Kwa hiyo boliti ya .22 iliyokutwa kwenye mzigo wako bandarini au uwanja wa ndege bila kibali haitatazamwa kama kipuri cha pikipiki. Cheti chako nacho kimeandika silaha gani, na risasi za aina gani na kiasi gani unachoruhusiwa. Kama kimeandikwa .223, huna ruhusa ya kushika hata boksi moja la .22, seti uwe nayo au usiwe nayo. Njia ni moja: uandike ombi kwa Bodi ya Leseni za Silaha, ueleze sababu, usubiri jibu, kisha ununue kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Usimtume binamu aliye ng'ambo akuletee mkobani. Wala usimpelekee fundi wa lezi akuchongee ganda la chuma. Fundi hodari wa propela za mashua pale ufukweni anaijua chuma, lakini haijui shinikizo la baruti, na nyote wawili mtakuwa mmetengeneza silaha bila leseni.

Ukitazama hivyo utaona kwa nini nakwambia bunduki nzima. Ombi ni lile lile, kusubiri ni kule kule. Ukishapitia usumbufu huo, kwa nini uishie na kipande kinachopiga upande badala ya bunduki yenye mtutu wake, mifuo yake na triga yake? Ya boliti ya .22 hudumu. Nina mwenzangu, mzee wa Lamu, anayepiga na moja iliyomzidi umri, na akiishika vijana hunyamaza. Tafuta yenye uzito na urefu unaokaribia wa .223 yako, uitie darubini ya namna moja, ukanda wa namna moja, ili mwili usitambue tofauti. Baadhi ya watengenezaji, CZ wa Cheki wakiwamo, wanazo za .22 zinazofanana sana kwa mkono na ndugu zao wakubwa. Na siku ukipenda mashindano, .22 ndiyo inayopigwa kwenye Olimpiki kwa mita 50, kupiga magoti, kulala na kusimama. Duara la katikati pale, la alama kumi, lina kipenyo cha milimita 10.4, chini ya ukucha wa kidole gumba. Huo ni mchezo kamili, haujakaa pale kumsubiri mkubwa.

Seti ninazoziheshimu ni za bastola. Ile ya CZ 75 iitwayo Kadet ni mfano: unatoa sehemu yote ya juu pamoja na mtutu, unatia nyingine iliyotengenezwa kwa .22 tangu mwanzo, mshiko na triga vikibaki vile vile. Hapo hakuna mtutu wa kuazima. Kwa mwenye bastola ya aina hiyo, na Bodi ikakubali, ningesema ndiyo bila kusita.

Sasa lile zoezi la bure. Ofisa aliyenifunza aliliita kupiga kavu. Nyumbani, chumba kimoja, mlango umefungwa. Risasi zote zimo kwenye sefu chumba kingine. Si mezani, si mfukoni, chumba kingine. Fungua boliti, tazama chemba, tia kidole uhakikishe, kisha tazama tena. Ukutani, ukuta wa mawe na sio wa mbao, bandika karatasi yenye nukta nyeusi ya milimita 5, ukae mita 5. Kwa jicho lako nukta hiyo ni sawa na duara la sentimita 10 lililo mita 100 mbele. Lala, lenga, kamua triga, na pini ikigonga tazama nukta ilikuwa wapi wakati huo huo. Ilitikisika kwenda kulia? Basi risasi ingekwenda kulia. Kumi na tano kwa jioni, baada ya magharibi, halafu acha. Ukipiga mia mkono unachoka na unaanza kufundisha mwili makosa. Ukimaliza sema kwa sauti kwamba umemaliza, funga bunduki, na usiichukue tena usiku huo. Ajali nyingi za zoezi hili hutokea kwa yule anayerudi kupiga moja ya mwisho baada ya kwisha kupakia.

.223 yako ya kisasa haidhuriki na kupigwa kavu, ingawa risasi za plastiki ni akiba nzuri. Bunduki ya .22 ukiipata ni tofauti: pini yake, pasipokuwa na ukingo wa kuponda, inaweza kuugonga mdomo wa chemba wenyewe na kuutia kibonyeo. Huko risasi ya plastiki ni lazima, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine.

Shamba ng'ambo ya Sabaki. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua yako mara mbili. Risasi ya .22, hiyo ndogo unayoiita ndogo, ikipigwa juu yaweza kwenda karibu kilomita 2. Watengenezaji wenyewe huandika onyo la umbali kwenye boksi. Kilomita 2 kutoka shambani kwako kuna nini? Kuna watoto wanaochunga mbuzi, kuna akina mama mtoni. Halafu kichwa cha mviringo, laini, cha mwendo mdogo, ndicho hodari wa kuruka kikigonga kitu kigumu. Kwenye maji hudunda kama kijiwe cha bapa. Kwenye mawe yetu ya matumbawe hugeuka usijue kimeelekea wapi. Na mlio wa bunduki upande wetu huu, Malindi hadi Lamu, si sauti ambayo jirani husikia akaendelea kula. Watapiga simu polisi, na watakuwa na haki. Endelea kwenda uwanjani. Piga kavu mara nne kwa juma, na safari yako ya Mombasa ya kila miezi miwili itatosha kwa risasi ishirini za .223 badala ya hamsini. Hapo umekwisha kuokoa zaidi ya nusu kabla hatujaitaja .22.

Neno la chumvi. Hewa ya Malindi inakula chuma usiku ukiwa umelala. Usiihifadhi bunduki ndani ya sanduku lake la sponji. Sponji hunywa unyevu na kuubana kwenye chuma. Paka mafuta mepesi nje, na kila ukiishika futa alama za vidole kwa kitambaa chenye mafuta, maana jasho letu ni chumvi nyingine. Mtutu wa .22, kinyume na unavyodhani, hautaki kusuguliwa kila mara. Risasi zake zimepakwa nta au mafuta, na utando huo huulinda mtutu na kuusaidia kulenga. Safisha chemba na boliti, mtutu uache hadi vikundi vianze kufunguka. Anayepiga .22 kwenye mtutu wa .223 kwa seti hana starehe hiyo. Masizi na mabaki ya risasi hujikusanya mbele ya chemba, na lazima yaondolewe yote kabla risasi kubwa haijatiwa.

Na kwa kuwa .22 nyingi ni risasi tupu isiyovikwa shaba, vidole vyako vitakuwa vyeusi jioni. Weusi huo ni sumu, kwa mtoto mdogo zaidi kuliko kwako. Nawa kwa sabuni na maji baridi pale pale uwanjani kabla hujagusa mkate wa mofa au usukani, na shati la shabaha lifuliwe peke yake. Ukipata jibu la Bodi niandikie, na uniambie mtutu wako umechorwa namba gani.